Baba yangu fundi magari aligombea komite ya wazazi, kumbe kwenye karatasi za shule mzazi ni mimi

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, miaka minne nasoma nyuzi zenu na sijawahi kufungua wa kwangu. Huu nimeuandika siku tatu kwenye simu, nikafuta, nikaandika tena. Kichwa chake peke yake nimekibadilisha mara sita. Leo naupandisha ulivyo.

Ninachosimulia kimetokea mbele ya macho yangu, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu. Majina tu ndiyo nimegeuza.

Niko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Kwa wasiotujua, huku ndiko Waswahili wa mji walikojaa, misikiti, maduka ya spea, na magari yaliyofunguliwa matumbo barabarani. Ukitembea hatua kumi bila kuruka spana ujue umeshatoka Buyenzi. Kiswahili chetu si cha Dar wala cha Mombasa, kwa hiyo watu wakiongea humu ndani nitawaacha waongee kama wanavyoongea. Mkikwama mniulize.

Sasa twende.

Mama yangu alifariki miaka mitano iliyopita, Mungu amrehemu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimebakiza mwaka mmoja nimalize sekondari. Mdogo wangu Sumaya alikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza anakwenda kuandikishwa darasa la kwanza.

Nikaacha shule. Hakuna aliyeniambia niache. Asubuhi moja nilimwogesha Sumaya, nikamsuka, nikampikia uji, nikaangalia saa, nikaona nimechelewa somo la kwanza. Kesho yake vilevile. Wiki ya tatu nikaacha kuangalia saa.

Kazi yangu sasa ni kwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi, karibu na soko. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa video za bure mtandaoni. Kifaransa cha maofisini nilijifunza kwa kunakili barua za wateja neno kwa neno mpaka nikaanza kuota "j'ai l'honneur de", ile "nina heshima ya" inayofungua kila barua ya ofisi.

Nina ugonjwa mmoja, na bila kuujua hamtaelewa uzi huu. Sivumilii karatasi yenye kosa. Mteja ananiambia, "Dada, imetosha, nipe niende zangu," mimi naichana naanza upya, naye amesimama anapiga mluzi wa hasira. Nadhani ukiwa umejifundisha kila kitu mwenyewe unaishi na hofu kwamba siku moja mtu atashika karatasi yako, atatazama, na atajua.

Shuleni kwa Sumaya mikutano yote ya wazazi nilikuwa nakwenda mimi. Walimu wakaanza kuniita Mama Sumaya kwa utani, utani ukazoeleka, mwisho hata wanafunzi wenyewe wakaamini.

Baba yeye anaitwa Baba Zaina mtaa mzima, kwa sababu Zaina ni mimi na ndiye mtoto wa kwanza. Hata Sumaya akitumwa garage anauliza, "Baba Zaina iko?" kama vile anamtafuta baba wa mtu mwingine.

Baba ni fundi wa giaboksi. Jina lake Ramadhani. Kifaransa anakijua cha kwenye vipuri tu. Anaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, kama mtu anayekaza nati mahali pa giza. Lakini akisikia gari linapita nje atakuambia gia ya ngapi imechoka.

Ijumaa moja baada ya swala ya mchana tulikuwa tunakula. Wali, ndagala za kukaanga, ndio dagaa wetu wa ziwani, na mboga ya lengalenga. Baba akasema, kama mtu anayeomba chumvi:

"Mi nitagombea komite ya wazazi."

Wakuu, nilicheka. Naiandika hapa kwa sababu nimeahidi ukweli. Nilicheka mpaka mwiba wa ndagala ukanikwama.

"We unacheka nini?"

"Apana Baba, sicheki. Komite ya shule gani?"

"Ya mutoto. Iko ingine?"

"Baba, kule wanaongea Kifaransa. Na rais wa komite sasa ni Monsieur Déo, anafanya ofisini, na anagombea tena."

"Ntaco," akasema. Hilo ni neno la Kirundi, maana yake haidhuru. "Yeye ataongea ile yake, na mi nitaongea ile yangu."

Sumaya akadakia, "Baba, ukishinda utanunua bomba?"

Bomba la maji la pale shuleni lilikuwa limekauka tangu mwaka uliopita, watoto wanakwenda na chupa kutoka nyumbani.

"Bomba hainunuliwi," Baba akamjibu. "Inafunguliwa, inaangaliwa."

Sikumuuliza kwa nini anagombea. Hilo ndilo kosa la kwanza. Nilidhani ni bomba. Nikaruka moja kwa moja kwenye namna ya kumfanya asiaibike.

Kesho yake nilikuwa na jedwali kwenye kompyuta lenye jina la kila mzazi ninayemjua. Kijani ni wetu, njano bado, nyekundu wa Monsieur Déo. Nikamwandikia hotuba ya Kifaransa, kurasa mbili, hakuna koma iliyopotea. Nikampiga picha ya bango pale garage, nikairudia mara kumi na moja, na ile iliyotoka nzuri nikaja kuona ana grisi kwenye sikio. Nikaifuta grisi kwenye kompyuta. Nikaona sikio sasa linaonekana la mtu mwingine. Nikairudisha grisi.

Jioni baada ya alasiri nilikuwa nampeleka nyuma ya nyumba kumfundisha hotuba, kuanzia ile salamu ya "wazazi wapendwa".

"Chers parents."

"Sher para."

"Baba, rents. Parents."

"Nimesema hivyo hivyo."

"Hujasema hivyo."

"Zaina," akaniambia siku moja, hana hasira hata kidogo, "nati ukiikaza kupita kiasi inaliwa meno. Baadaye hata fundi hawezi kuitoa."

Nikamwambia turudie kuanzia juu.

Pale garage ndiyo walipata cha kucheka. Saidi, mwenzake wa miaka mingi, alikuwa haanzi kazi bila kumuomba ruhusa. "Monsieur le Président, ile giaboksi ya teksi tuifungue, ao tungoje wazazi wapige kura?"

"Fungua," Baba anajibu kutoka chini ya gari. "Lakini upige magoti kwanza."

Mimi nimesimama pembeni na mabango yangu, nawaza, mpiga kura akipita hapa akasikia haya itakuwaje.

Nilimpa pia orodha ya nyumba za kutembelea, na maneno ya kusema kwa kila mzazi. Alikwenda kwa miguu, nyumba baada ya nyumba. Siku ya pili niliikuta orodha yangu imekunjwa chini ya kopo la oili ili lisiyumbe.

"Baba, Mama Kevine umemwambia nini?" Mama Kevine anauza mboga na ana watoto watatu pale shuleni.

"Sikumwambia kitu. Ameniambia yeye."

"Amekuambia nini sasa?"

"Mingi. Mutoto yake wa katikati anaogopa choo cha shule, mulango haifungi. Anangoja mpaka afike nyumbani."

Kwenye jedwali langu Mama Kevine alikuwa njano tu. Sikuwa na sehemu ya kuandika habari ya mtoto wa katikati.

Siku ikafika. Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule, wazazi wengi kuliko nilivyotarajia. Baba nilimvalisha koti la suti la kuazima, mabega mapana, anaonekana kama amebeba mtu ndani. Hotuba iko mfuko wa kushoto. Nakala ya hotuba iko kwenye mkoba wangu. Nakala ya nakala anayo Sumaya.

Niwaeleze kwanza namna wanavyopiga kura pale. Hawatumii karatasi. Wagombea wanasimama uso ukutani, mgongo kwa watu, na wazazi wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Wanawekwa uso ukutani ili mgombea asimuone jirani aliyempita akaenda kwa mwenzake, watu wakaja kununiana mtaani. Wanaambiwa wageuke mistari ikishahesabiwa na kuvunjwa kidogo. Mimi naona ni utaratibu wenye busara kuliko chaguzi nyingi.

Madame Directrice akasimama na daftari lake. Ndiye mwalimu mkuu, mama mpole, mwenye sauti ya kufika mbali.

"Wazazi, mbele ya kuanza, ninahakikisha majina. Anagombea na anapiga kura ule jina lake iko kwenye fiche ya mutoto, pale kwenye responsable."

Fiche ni ile karatasi ya kumwandikisha mtoto. Responsable ni mtu anayehusika naye.

"Monsieur Déo. Iko." Akaweka alama. "Ramadhani."

Akafungua ukurasa. Akafungua mwingine. Akarudi nyuma.

"Ramadhani, mutoto wako ni nani?"

"Sumaya. Wa darasa la tano."

"Sumaya namuona." Akanyanyua macho akanitafuta. "Lakini responsable wake ni Zaina."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Kumbe fundi amekuja kugombea bila mutoto." Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni kile cha Buyenzi, lakini nilimuona Baba akishika kola ya lile koti kana kwamba limembana.

Madame akatuma fiche yenyewe iletwe kutoka ofisini. Nilikuwa naijua kabla haijafika.

Wakuu, hapa ndipo penye uzi.

Niliijaza mimi, wiki ya sita baada ya Mama kuondoka. Nilichukua fiche tatu ili nipate moja safi. Wino wa buluu, herufi zimelala upande mmoja, hakuna pa kugusa. Kwenye responsable nikaandika jina langu na namba yangu ya simu.

Nikiulizwa nilikuwa nasema ni kwa sababu simu ya Baba inazimwa akiwa kazini. Ni kweli inazimwa. Lakini si sababu.

Sababu ni kwamba nilikuwa nimemkasirikia. Baada ya mazishi Baba alinyamaza. Anakwenda garage alfajiri, anarudi magharibi, anaswali, anakula, analala. Sumaya akimuongelesha anamuangalia kama mtu anayesikiliza injini ya mbali. Nikajiambia huyu hawezi. Huyu atamsahau mtoto getini. Nikashika kalamu nikamfuta, kwa kutomwandika.

Na miaka mitano iliyofuata alirudi kidogo kidogo, akaanza kuongea, akaanza kutania, akawa anamsubiri Sumaya na muwa mlangoni. Ile karatasi sikuirudia. Ilikuwa haina kosa, kwa nini niiguse.

Madame Directrice akasema, "Sasa tuna njia mbili. Ao Monsieur Déo anapita peke yake, ao Zaina agombee yeye, kwa maana yeye iko kwenye liste."

"Zaina agombee," Mama Kevine akasema. "Si njo anakuja kila réunion, kila mukutano? Sisi tunamujua yeye."

Wengine wakaitikia. Ndiyo, Zaina. Anajua kompyuta. Anajua Kifaransa.

Nami nilitaka. Nawaambia bila kujificha. Hotuba ilikuwa yangu, naijua kwa moyo. Kwa dakika nzima nilijiona nimesimama pale mbele, mtu aliyeacha shule, nasema "chers parents" na hakuna anayenisahihisha.

Baba akanisogelea. Akasema kwa sauti ya chini, na alikuwa anatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa la kuigiza:

"Simama, mutoto yangu. Mi nitakuwa wa kwanza kwenye mustari yako."

Madame akamsikia. Akasema kwa upole, "Apana, Baba Zaina. We jina haiko. Hauwezi kukaa kwenye mustari."

Baba akaitikia kwa kichwa. Hakubishana. Akaondoka taratibu akaenda kusimama kule pembeni, kwenye ukuta wa darasa, walikosimama watoto na wapita njia waliokuja kutazama. Akasimama karibu na Sumaya. Sumaya akamshika lile koti chini, kwenye mkono mrefu unaozidi.

Nikawaangalia wawili wale. Mwenye mtoto amesimama na mtoto, na karatasi ya shule inasema si wake.

"Madame," nikasema, "jina inaweza kubadilishwa?"

"Mwenye jina akiifuta mwenyewe mbele yangu, ndiyo. Lakini fiche mupya zimekwisha. Utakata juu ya hii hii, uandike pembeni, utie saini." Akaniangalia vizuri. "Na ukikata, Zaina, we haupigi kura. Ni mutu moja kwa mutoto moja."

Nilipewa kalamu. Nyeusi, na fiche ilikuwa ya buluu.

Nilivuta mstari juu ya jina langu, ukapinda, ukashuka ukalikwaruza na neno la chini. Nafasi ya pembeni ilikuwa ndogo, jina la Baba likabanana, herufi mbili za mwisho zikapanda ukingoni. Wino ukaacha doa. Karatasi safi kuliko zote nilizowahi kuandika ikawa inafanana na daftari la Sumaya.

Baba akaitwa kutia saini. Alichukua muda wake. Watu wote wakamsubiri.

Madame akasoma kwa ile sauti ya kufika mbali: "Sumaya, darasa la tano. Responsable, Ramadhani. Ni baba yake."

Mimi nikaenda kule kwenye ukuta wa darasa, kando ya Sumaya, mahali alipokuwa amesimama Baba.

Hotuba? Baba alitoa karatasi mfukoni, akasema "Mesdames, messieurs, chers parents" vizuri kabisa, rents yote imetimia. Akanitafuta kwa macho kuona kama nimesikia. Halafu akaikunja.

"Hii ingine imeandikwa na mutoto yangu, ni muzuri sana, lakini nikisoma yote mvua itatukuta hapa. Mi ni fundi. Ile bomba nimeiangalia asubuhi hii mbele hamujafika. Bomba ni nzima, ni pampu inalia. Mulango wa choo unataka bawaba mbili. Nitavitengeneza hata mukinikataa. Basi."

Monsieur Déo naye akaongea, kwa Kifaransa kizuri na Kirundi kizuri zaidi, na akasema mambo ya maana. Nilikuwa nimempaka nyekundu kwenye jedwali wiki tatu na kumbe ni mtu mwema. Hilo nalo linaniuma kidogo.

Wagombea wawili wakageuzwa uso ukutani. Wazazi wakaanza kutembea.

Nilikuwa naona yote na sina la kufanya. Kijani wangu wawili wakaenda kwa Monsieur Déo. Nyekundu wangu mmoja, mzee ambaye sikuwahi hata kumtuma Baba kwake, akaja nyuma ya Baba na fimbo yake. Mama Kevine alisimama katikati, akaangalia huku, akaangalia kule, akaja nyuma ya Baba.

"Zaina," Baba akaita bila kugeuka. "Iko watu?"

"Mugombea asiongee," akasema Madame.

"Siongei na watu, Madame. Naongea na mutoto yangu."

Hata Monsieur Déo mabega yake yalicheka, nilimuona kwa nyuma.

Ikahesabiwa. Monsieur Déo arobaini na watano. Baba thelathini na wanane.

Ameshindwa. Nilifunga macho, kwa sababu sikutaka kumuona akigeuka.

Nikamsikia tu. "Hawa wote?"

Nikafungua. Mistari ilikuwa haijavunjika vizuri, na Baba ameshageuka, anawatazama watu thelathini na wanane kama mtu aliyefungua boneti akakuta injini mpya.

"Hawa wote walikuwa nyuma yangu," akasema, "na mi sikusikia hata mguu moja?"

Monsieur Déo akampa mkono. "Fundi, pampu inakungoja Jumatatu. Kiti cha mushauri kwenye komite ni chako, usinikatalie."

Akakubali.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Sumaya mbele na koti la suti, amelivaa mpaka magotini. Nikaona niseme sasa au nisiseme tena.

"Baba, ile fiche. Si kwamba nilisahau."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Siku ya kwanza ya shule ni mi nilimupeleka Sumaya, unakumbuka? We ulikuwa na homa. Ulinipa ile karatasi kwenye bahasha. Kifaransa sijui, lakini jina yangu naijua. Niliitafuta juu mpaka chini. Haikukuwa."

Nilisimama pale pale, mbele ya duka la spea, pikipiki zinanipigia honi.

"Miaka mitano ulijua? Na hukusema?"

"Ningesema nini? Ule mwaka we ulikuwa na haki." Akanivuta mkono nisigongwe. "Nikasema, nitangoja. Siku ingine atanirudishia. Halafu nikaona unazidi kukonda, kila réunion ni we, kila homa ni we. Nikasema, nikiingia komite watanizoea, watakuwa wananiita mi. We upumzike. Sikujua kama iko liste. Hiyo liste ingenifungia njia mbele ya watu."

Basi haikuwa bomba. Tangu mwanzo haikuwa bomba.

Jumatano yake nilirudi kazini jioni nikamkuta Sumaya amelala kitandani kwa Baba, kitambaa kwenye paji la uso. Alishikwa na homa darasani saa nne asubuhi. Shule ilimpigia simu Baba, na siku hizi haizimi. Aliacha giaboksi ya watu wazi mezani, akaenda na ovaroli lake, akampeleka kupimwa, akampa dawa, akamkorogea uji wenye mabonge.

Siku nzima hakuna aliyenipigia. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikiishika simu yangu, na sikujua nifurahi au nilie, nikafanya kidogo kidogo vyote.

"Mwalimu ananiita Baba Sumaya sasa," akaniambia kutoka chumbani. "Nilitazama nyuma kuona anamuita nani."

Wiki iliyopita akaja na karatasi. Akaiweka mezani, akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Ilikuwa fiche ya kujiandikisha masomo ya jioni, kwa watu walioachia sekondari njiani. Ameiendea mwenyewe, ameulizia mwenyewe, ameijaza mwenyewe. Jina langu kwa herufi kubwa, linapanda mlima. Tarehe ya kuzaliwa iko mahali pa anwani na anwani iko mahali pa tarehe. Dole gumba zima la grisi kwenye kona ya chini.

Kwenye responsable ameandika RAMADHANI. Kwenye uhusiano ameandika BABA.

Kibandani kwangu fiche kama hizo ziko rundo. Ningeweza kuchapa mpya kwa dakika tatu, safi, kila kitu mahali pake. Niliichukua ile ile. Ndani ya mkoba niliikunjua kuitazama mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi, na kalamu nikairudisha.

Bwana wa mapokezi akaisoma, akaigeuza, akaniangalia.

"Dada, we uko na miaka ishirini na tatu. Mutu muzima hahitaji responsable. Hapa ungeacha wazi."

"Najua," nikasema. "Lakini niko naye."

Akagonga muhuri. Naanza mwezi ujao.

Nilichojifunza mimi ni kidogo na sina uhakika kinamfaa kila mtu. Unaweza kumfanyia mtu kila kitu vizuri, bila kosa hata moja, na ukawa umemfungia nje. Na wakati mwingine anayekupenda anakaa nje hapo hapo miaka mitano, hagongi, anangoja umfungulie.

Naomba wakuu mliolea wadogo zenu mniambie: mlijuaje siku ya kurudisha? Na kwenye karatasi za shule za nyumbani kwenu, limeandikwa jina la nani?

Makosa ya uandishi mtakayoyaona humu yaacheni yalivyo. Najizoeza.